Kibati cha mota hakilipi mkopo: kwa wachambuzi wapya wa miradi ya nishati viwandani

Mafaili matatu ya wiki hii, yote ya viwanda vya Mwanza, yamekuja na hesabu ileile: kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, mara saa 8,760, mara bei ya uniti. Wadogo zangu, ni kweli mwaka una saa 8,760. Lakini hakuna kiwanda cha samaki kando ya ziwa hili ambacho kompresa zake zinaunguruma saa zote hizo kwa nguvu zote. Sangara haji kwa kalenda ya Excel.

Haya yanawahusu nyinyi mlioingia karibuni kwenye mikopo ya kijani. Kukokotoa IRR (kiwango cha faida ya mradi kwa mwaka) mnajua, masharti ya mfadhili mmeyasoma, tofauti ya T2 na T3, yale madaraja ya bei ya TANESCO, haiwapi shida. Naruka hayo.

1. Pimeni kabla ya kuandika

Msidhani hili ni kosa la wageni. Sisi tunaojiita wakongwe tumelitia saini, kamati ya mikopo imelipitisha, na mwenye kiwanda ndiye aliyelilipia. Nalifungua lote hapa, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu kila faili linalokosea linakosea kwa njia hiyohiyo.

Kiwanda cha minofu kina kompresa mbili za amonia, kila moja kibati chake kinasoma kilowati 110. Mchambuzi anajumlisha: 220. Anazidisha kwa 8,760, anapata uniti 1,927,200 kwa mwaka. Muuzaji wa mtambo mpya ameahidi kuokoa robo, nayo ni uniti 481,800. Tukichukua shilingi 200 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni milioni 96 na ushee kila mwaka. Mkopo ni milioni 350. Unarudi kwa miaka 3.6. Marejesho yanapangwa miaka mitano, kila mtu anatabasamu, hata chai ya kamati siku hiyo inakuja na sambusa.

Sasa ingia chumba cha mitambo. Kompresa ya kwanza inafanya kazi, ya pili inangoja. Zinaungana mchana boti zikileta mzigo, na barafu na blasti (chumba cha kugandisha haraka) vikihitaji ubaridi kwa pamoja. Usiku kinachobaki ni kutunza koldi rumu isipande juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ile inayofanya kazi nayo haikamui kilowati 110 muda wote, maana vali ya kupunguza mzigo inafunga na kufungua. Halafu zipo siku ambazo samaki ni wachache na mapokezi yanafungwa saa nane. Ukiweka loga, kifaa cha kurekodi umeme, wiki nne, wastani wa kompresa zote mbili unatoka kilowati 74. Kwa mwaka ni uniti 648,240, yaani theluthi moja tu ya zile za kwenye faili. Robo yake ni uniti 162,060. Kwa shilingi 200 unapata milioni 32.4.

Milioni 350 gawa kwa 32.4: miaka 10.8.

Na mkopo ni wa miaka mitano. Mtaji peke yake ni milioni 70 kila mwaka, riba bado. Mtambo unaleta 32, kwa hiyo milioni 38 zinatoka kwenye fedha ya kununulia samaki. Kiwanda kikikosa fedha ya kununua samaki, samaki wanakwenda kwa jirani. Mzigo ukipungua, kompresa nayo inafanya kazi saa chache zaidi, na ile milioni 32 inakuwa 25. Mtambo ni mzuri, umefungwa vizuri, unaokoa robo kama ulivyoahidiwa. Kosa halikuwa la muuzaji. Robo ya kidogo ni kidogo, na sisi ndio tulioandika kwamba ni kikubwa.

Mkasema, basi tungeangalia bili. Naam! Bili za miezi 12 zilikuwa kwenye faili hilohilo, kiambatisho cha nne, na jumla ya kiwanda kizima haikufika uniti milioni 1.1. Kompresa peke yake zimewezaje kula milioni 1.9? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu bili alizipokea mtu wa nyaraka na hesabu aliifanya mtu wa mitambo. Tangu hapo kanuni ya ofisi ni kwamba ukurasa wa kwanza wa uchambuzi uwe na mstari mmoja: uniti za mashine zote zilizotajwa, na uniti za bili. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia kumi, faili halisogei.

2. Namna ya kupima

Klampu mita ya mkononi haitoshi. Inakupa ampea, na ampea mara volti mara 1.732, gawa kwa 1,000, ni kVA (umeme wote unaovutwa, hata usiofanya kazi), si kilowati. Mota inayozunguka bila mzigo hunywa ampea nyingi huku pawafakta yake (sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) iko chini kabisa, kwa hiyo utaandika kilowati ambazo hazipo. Tumieni loga ya fezi tatu, isome kila dakika moja. Mshale wa kila klampu uelekee kwenye mzigo. Klampu moja kati ya tatu ikigeuzwa, jumla inasoma theluthi ya ukweli, na namba yenyewe haina sura ya kosa. Inapendeza tu. Kaguzi ya haraka: kila fezi isome kilowati chanya kabla hujafunga mlango wa kabati.

Wiki moja ni fupi. Kwa wanaokausha au kugandisha dagaa, mwezi wa angani ndio meneja wa uzalishaji. Wavuvi wa taa hutoka kwenye giza, mbalamwezi ikishamiri wanapumzika, na mapokezi yanakauka. Ukipima wiki ya giza tu umepima sherehe. Wiki nne kamili, basi.

Na umsalimie fundi wa zamu. Shikamoo kwanza, loga baadaye, na kama unajua kusema mwangaluka, asubuhi ndiyo mahali pake. Huyo mzee ndiye anayejua kwamba kompresa namba mbili haijawashwa tangu vali yake ianze kuvuja, jambo ambalo halimo kwenye ripoti yoyote. Waulizeni pia daftari la zamu. Linaweza kuwa na mafuta na harufu ya samaki, lakini lina shinikizo la kunyonya na la kusukuma kila saa mbili, na hiyo ni hazina kuliko michoro ya rangi ya mshauri mwelekezi.

3. "Uniti kwa tani" inadanganya

Wafadhili wanaipenda, na nyinyi mnaipachika kwenye mkataba kama kipimo cha mafanikio. Kiwanda cha samaki kina matumizi yasiyojali mzigo: koldi rumu, taa, pampu za maji, feni. Chukua kiwanda kinachokula uniti 40,000 kwa mwezi hata kisipopokea samaki, halafu uniti 220 kwa kila tani. Mwezi wa tani 300 kinakula 106,000, yaani 353 kwa tani. Mwezi wa tani 150 kinakula 73,000, yaani 487 kwa tani. Mashine ni ileile, fundi ni yuleyule.

Sasa mradi umekamilika na samaki wamepungua, mwezi una tani 150. Bili inasema 62,000. Mtambo umeokoa uniti 11,000, asilimia 15, kazi safi. Lakini 62,000 kwa tani 150 ni 413, na mkataba unalinganisha na 353 ya zamani. Mteja anaandikiwa barua kwamba ameshindwa! Kinyume chake nacho kipo: mtambo haujaokoa kitu, samaki wameongezeka, uniti kwa tani zimeshuka, na sisi tunaandika taarifa ya ushindi kwa mfadhili.

Dawa ni kuchora mstari kwenye grafu. Miezi 12 au zaidi, tani upande mmoja, uniti upande mwingine, tafuta ile 40,000 na ile 220 za kiwanda husika. Baadaye unauliza: kwa tani hizi, mtambo wa zamani ungekula ngapi? Tofauti ndiyo akiba. Uniti za jenereta ziingizwe pia, maana mwezi wa kukatika umeme bili hushuka kwa heshima ya dizeli.

4. Kapasita hazipunguzi uniti

Kazi yake ni kupandisha pawafakta, kwa hiyo zinapunguza kVA, ambazo bili huzitoza kando ya uniti. Mzigo wa kilowati 150 kwa pawafakta ya 0.78 ni kVA 192. Ukiifikisha 0.95 ni 158. Kwa mfano wa shilingi 15,000 kwa kVA, hizo 34 ni shilingi 510,000 kwa mwezi. Ni fedha nzuri na hurudi haraka, lakini ziandikwe kwenye mstari wa kVA. Anayeandika kwamba kapasita zitaokoa asilimia 20 ya uniti anauza dawa ya mnadani. Na VAT ya asilimia 18 msiihesabu kama akiba kwa kiwanda kilichosajiliwa, kwa sababu hiyo anairudisha kwenye ritani zake hata bila mradi wenu.

5. Ya bei nafuu yatangulie

Kila nyuzi moja unayoshusha kwenye joto la kondensa (panapotupwa joto), au kuipandisha kwenye evapereta (panapotolewa ubaridi), hupunguza umeme wa kompresa kwa asilimia 2 hadi 3. Ondoeni hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, ng'oeni ukoko wa chumvi kwenye mabomba ya kondensa, rekebisheni mapazia ya koldi rumu, toeni mafuta kwenye evapereta. Upande wa hewa ya kubana, kushusha shinikizo kwa bar moja kunaokoa kama asilimia 7 ya umeme, na mivujo inaweza kula robo ya hewa yote: sikilizeni Jumapili mashine zikiwa zimezimwa lakini kompresa ya hewa ikiwa imewashwa. Feni ikipunguzwa mwendo kwa asilimia 20, umeme wake unabaki nusu hivi, ila ni feni na pampu za pangaboi (sentrifugal) tu, msiihamishie hesabu hiyo kwenye konveya.

Najua kwa nini mnayaruka. Hayahitaji mkopo, na nyinyi mna lengo la robo mwaka. Lakini mtambo mpya hupimwa ukubwa baada ya haya kufanyika. Ukinunua kompresa wakati milango haifungi, umenunua kompresa ya kupoza Nyamagana nzima.

6. Dola

Akiba ya umeme ni ya shilingi. Muuza minofu nje ana dola za kulipia mkopo wa dola. Mkamua mafuta ya pamba anayeuza Igoma na Shinyanga hana, hata riba iwe tamu kiasi gani.

7. Ukijani wenyewe

Msinakili kipimo cha hewa ukaa kwa uniti kutoka faili la zamani. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Maji yakichukua nafasi ya gesi, kila uniti inayookolewa inakwepesha hewa ukaa kidogo kuliko zamani. Shilingi za mteja hazibadiliki, lakini tani mlizomwahidi mfadhili zinapungua. Andikeni kipimo cha mwaka gani mmetumia. Anayebadili boila ya kuni au jenereta ya dizeli ana hesabu nyingine kabisa, na mara nyingi ndiyo yenye tani nyingi.

Kwa mitambo midogo ya barafu, angalieni gesi ya kupozea. R22 kwa nchi zetu inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal: kiwango chake kiligandishwa kisipande 2013, kikapunguzwa asilimia 35 kufikia 2020 na 67.5 kufikia 2025, na 2030 inabaki kiasi kidogo cha matengenezo tu. Mtambo wa R22 kwenye mkopo wa miaka saba ni dhamana inayooza. Gesi nyingi zilizokuja badala yake nazo zinapunguzwa chini ya Marekebisho ya Kigali ya 2016. Amonia haina tatizo hilo ila inaua, kwa hiyo vigunduzi vya mvujo, barakoa na mlango wa pili wa kutokea viwe kwenye bajeti, visiachwe "vitafuata". Na kabla ya kuidhinisha msingi mpya wa kondensa, pima umbali hadi majini: sheria ya mazingira ya 2004 ina ile mita 60 kutoka ufukweni, na mteja anayesema "hapa hatujawahi kuulizwa" hajajibu swali.

8. Muda wa neema

Miezi sita kabla ya rejesho la kwanza haitoshi. Mtambo unatengenezwa, unasafiri, unakaa bandarini, unapanda lori zaidi ya kilomita 1,100, unangoja msingi ukauke, unangoja fundi wa kampuni apate nafasi, kisha unajaribiwa. Rejesho la kwanza likija mtambo ukiwa bado kwenye mbao zake, mteja atawachukia, na atakuwa na haki. Fungu la mwisho la fedha shikilieni hadi loga irudishwe kwenye kabati lilelile, klampu zilezile, wiki nne tena. Watalalamika. Muwaonyeshe kifungu.

Loga mbili zipo kwenye kabati la chini. Klampu za ampea 500 ni za kabati kuu, za 200 ni za kompresa mojamoja, msizichanganye, maana loga inataka uiambie uwiano na haitakuuliza mara mbili. Chajini betri Ijumaa. Aliyeazima ile ya Igogo airudishe na nyaya zake zote nne.