Mama ana rovu: je, ramani ile ya saratani ya tumbo inamhusu?

Dadangu, umesema umeona ramani inayoonyesha kwamba sehemu zenye rovu nyingi, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, ndizo zenye vifo vingi vya saratani ya tumbo, na kwa kuwa mamako ana rovu na mjomba wako alikufa kwa saratani hiyo, hulali. Pole. Wacha nikueleze yaliyonipata.

Shosho yangu alikuwa na rovu. Alijifunga kitambaa shingoni hata jua likiwaka, lakini akimeza uji ungeona kitu kikipanda na kushuka chini ya kile kitambaa. Huko kwetu milimani halikuwa jambo la ajabu. Mvua huosha kwenye udongo ayodini, madini ambayo yakipungua mwilini tezi hiyo huvimba, na vinavyoota hapo havina ya kutosha. Chumvi yenye ayodini ilipofanywa lazima Kenya mwaka 1978, yeye alikuwa mzee tayari, na chumvi yake aliiweka kwenye mkebe wazi juu ya meko, mahali ambapo joto na mvuke huimaliza hiyo ayodini.

Mimi thairoidi yangu, yaani tezi hiyohiyo ya shingoni, ni ile iliyolegea, haitoi homoni ya kutosha. Daktari mmoja hapa Nairobi alinipa glasi ya maji, akaniambia nimeze, akaikodolea macho shingo yangu kama mtu anayesubiri lifti. Nikaanzishiwa dawa. Tatizo ni kwamba dozi ilipanda, ikapanda tena, na damu ikipimwa bado majibu ni mabaya. Mwaka mzima hivyo! Hakuna aliyeniuliza kuhusu tumbo, hadi nilipotaja kiungulia kwa bahati tu. Nikapitishwa mpira wenye kamera kooni (siku hiyo niliwachukia wote), wakakuta tumbo limevimba ndani na lina H. pylori, bakteria wanaoishi tumboni. Siku 14 za antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, mdomo una ladha ya sarafu. Baada ya hapo dozi ya thairoidi ilishuka. Tumbo bovu lilikuwa haliipitishi dawa vizuri.

Sasa ramani. Ukuta wa tumbo nao huvuta ayodini kutoka kwenye damu, kwa mlango uleule unaotumiwa na thairoidi, ndiyo maana watafiti wanauliza kama upungufu wake unaliumiza tumbo. Swali lina maana. Lakini Wajapani hula mwani wenye ayodini tele, na bado saratani ya tumbo iliwasumbua kuliko mataifa mengi, kwa sababu ya H. pylori na vyakula vya chumvi nyingi. Ramani hulinganisha sehemu. Haisemi kwamba aliyekufa kwa tumbo ndiye aliyekuwa na rovu. Wangeweza kuwa majirani waliokunywa maji ya mto mmoja.

Kwa hiyo daktari umtajie mjomba kwanza. Ndugu wa tumbo moja na mamako kuugua saratani hiyo kuna uzito kuliko shingo yake. Omba apimwe H. pylori, kipimo cha kinyesi kinatosha kuanzia. Kama thairoidi yake inashambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, uliza na vitamini B12, maana kinga hiyohiyo wakati mwingine hugeukia tumbo. Na kama anapungua uzito, anashiba kwa vijiko viwili au choo ni cheusi kama lami, usingoje mwisho wa mwezi.