Ngazi Isiwahamie Miguuni: Maswali Yenu

Shikamoo fundi. Nataka kusafisha mfereji wa maji ya mvua. Ngazi iwe mbali kiasi gani na ukuta?

Marahaba. Kila mita 4 za kwenda juu, vuta miguu ya ngazi mita 1 kutoka ukutani. Kama inagusa ukuta kwenye mita 3, miguu ikae sentimita 75. Kupima bila futi, simama vidole vyako viguse miguu ya ngazi, nyoosha mikono. Viganja vifike kwenye kidato cha usawa wa mabega bila wewe kuinama. Ikisimama wima mno utaanguka nayo kinyumenyume, ikilala mno inachomoka chini. Usiiegemeze kwenye mfereji wenyewe, hasa wa plastiki. Egemeza ukutani.

Mtu akinishikia chini, kuna haja ya kamba?

Ipo, ndugu yangu, tena kubwa. Ngazi ikianza kuteleza na uzito wako juu, mikono ya mtu haiizuii. Akushikie wakati unapanda kwenda kufunga. Funga nguzo zote mbili za pembeni, si kidato, kwenye kitu kisichong'oka kama kenchi au nguzo ya baraza. Bomba la plastiki si kitu cha kufungia. Chini kukiwa na udongo, weka ubao mpana miguu isizame, kisha pigilia kigingi ufunge na huko. Ardhi ikiwa na mwinamo, chimba upande wa juu; tofali la kuinulia mguu mmoja naliona sana mitaani, na linanitisha kila mara. Kama unaingia paani, ngazi ipite ukingo kwa mita 1 ili upate pa kushika unaporudi.

Ndani nina vigae. Nitandike gunia?

Hapana, litateleza pamoja na ngazi. Nunua soli mpya za mpira za kuvisha miguu ya ngazi.

Tumepigiliwa ngazi ya mirunda. Tuipake rangi?

Msiipake, rangi huficha nyufa. Vanishi isiyo na rangi inatosha. Kidato kinachocheza kibadilishwe kabla mtu hajapanda.

Waya wa TANESCO unapita karibu na paa letu. Ngazi yetu ni ya alumini.

Basi msiisimamishe hapo. Hata ya mbao ikilowa hupitisha umeme. Waiteni wenyewe wazime kwanza. Na mnapoihamisha uani, ilazeni, watu wawili, mmoja kila ncha.