Jibu: Mtindo wa jedwali haupatikani katika waraka mpya

Assalaam alaykum, ndugu yangu wa Wete. Nimekufahamu: jedwali la mapokezi ya karafuu ulilolipamba katika Microsoft Word kwa rangi na mistari halimo kwenye orodha ya mitindo kila ufunguapo waraka mpya.

Tazama kwanza namna ulivyolipamba. Rangi iliyotiwa kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku, haihesabiwi kuwa mtindo. Itakubidi uutengeneze upya kwa "New Table Style", kisha chini ya dirisha hilo uchague "New documents based on this template", kwani ukiliacha chaguo lililowekwa tangu mwanzo, mtindo hubakia ndani ya waraka ule ule tu. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na sishangai, maana maandishi yake ni madogo.

Hata hivyo, mtindo hauhifadhi upana wa safu wima wala vichwa vyako vya uzito na daraja. Kwa kazi inayorudi kila msimu, naona ni bora uchague jedwali zima, uingie "Insert", "Table", kisha "Quick Tables", ulihifadhi humo. Programu ikikuuliza wakati wa kuifunga kama ihifadhi mabadiliko, kubali.