Kelele za "ba be bi bo bu" zilinidanganya

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la kwanza nilijisifu sana kimoyomoyo. Nagusa silabi ubaoni kwa fimbo, darasa zima linaitika kwa sauti moja, "ba, be, bi, bo, bu", mpaka mwalimu wa chumba cha jirani anafunga dirisha. Nikaamini wanasoma.

Dawati la mbele alikuwapo mvulana mmoja aliyewapita wote kwa sauti. Siku moja nikamwita mezani asome ukurasa peke yake. Akausoma bila kukwama. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja la katikati ya mstari. Kimya. Kisha nikaona midomo yake inacheza: alikuwa anaurudia ukurasa toka juu, kimya kimya, na alipolifikia lile neno ndipo akalitaja. Akili alikuwa nayo tele. Kusoma ndiko hakukuwapo.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni neno ambalo mtoto hajapata kuliona. Wakishajua ka, ma na ti, siwaulizi "mama", kwa sababu hilo wanalijua kwa sura. Nawaandikia "kamati", au hata neno lisilo na maana kama "tikama". Anayesoma atalisoma, tena atacheka. Aliyekariri atakutazama usoni akitafuta jibu. Na nasikiliza mmoja mmoja, watano kwa siku, wengine wakichora au wakinakili. Ni kazi ya kuchosha, lakini kiitikio cha darasa kinawaficha watoto wengi mno.

Jambo jingine dogo: anza na sauti ya herufi, jina lake litafuata. Ukimfundisha mtoto kwamba hii ni "be" na hii ni "a", akiziunganisha atakwambia "bea". Hapo mtoto hajakosea, amekutii.

Sasa kuandika, ambako nimejifunza zaidi, na nimejifunza kutoka kwenye makosa yao. Zamani nilikuwa nalipaka daftari wino mwekundu. Siku hizi kosa nalisoma kabla ya kulisahihisha. Mtoto anaandika "mutu". Mwambie apige makofi akilitamka neno "mtu": makofi mawili, m-tu. Ile m ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo. Masikio yake yamesikia silabi, na amefundishwa kwamba kila silabi ina irabu, basi ameiwekea u. Ukimwita mzembe umemwonea.

Mwingine anaandika "nyuba" badala ya "nyumba", au "dege" badala ya "ndege". Huyu naye ana sababu. Katika "nyumba" makofi ni mawili, nyu-mba, na mb inatoka mdomoni kama sauti moja iliyoshikana. Hasikii vitu viwili, anaandika kimoja. Dawa yangu ni kumfanya abane pua kidogo akitamka "baba", halafu "mbaazi". Anahisi pua inavyotetemeka kwenye neno la pili. Hapo namwambia: pua ikiingia, kuna herufi ya kuongeza. Kwa "ng'ombe" na "ngoma" sina ujanja wowote, ni mazoezi tu, na hata watu wazima ile ritifaa, yaani alama (') inayofuata ng ya "ng'ombe", wanaisahau.

Wazazi huniuliza sana kuhusu b na d. Fikiria kikombe: geuza mkono wake kushoto au kulia, kinabaki kikombe. Mtoto ameishi miaka sita akijua hivyo, leo unamletea kitu ambacho kikigeuzwa kinabadilika jina. Mpe muda. Wengi huacha wenyewe. Akikaribia kumaliza darasa la tatu bado anazigeuza na kusoma kunamtesa, hapo mtafutie mtu wa kumwangalia kwa karibu.

Nyumbani, mzazi, nakuomba kitu kimoja: mtoto akikwama kwenye neno, usimpokonye. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Najua hizo tano ni ndefu, hasa ukiwa umechoka. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kufika tatu.

Yule mvulana wa dawati la mbele tulirudi naye nyuma hadi silabi za mwanzo, na kwa wiki kadhaa alinichukia. Karibu na mwisho wa mwaka nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni mwa darasa kwa uji mzito, mwandiko ni wake, na hakuna aliyemtuma: "Usifuge mulago". Nikacheka peke yangu. Mlango nao unafugwa? Lakini nilijua anachotaka, na kulikuwa na joto. Nikauacha wazi.