Kiongozi wa kwanza wa Mlimani ni nani? Inategemea unauliza ofisi ipi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzangu tuliomaliza pamoja wamenipa kazi ya kuandaa jedwali la viongozi wa chuo tangu 1961, liingie kwenye kijitabu chetu cha kumbukumbu. Nimekwama mstari wa kwanza tu. Maandishi mengine yanamtaja Cranford Pratt kuwa kiongozi wa kwanza, mengine Pius Msekwa, na rafiki yangu anashikilia kwamba ni Mwalimu Nyerere. Wilbert Chagula naye sijui nimweke wapi. Halafu jambo linalonisumbua zaidi: kwa nini anayeendesha chuo kila siku anaitwa makamu? Shuleni kwetu makamu ni msaidizi.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kazi yangu ni kupanga majalada na kumbukumbu za taasisi, na swali lako limenikumbusha aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliandaa orodha kama hiyo yako kwa ajili ya taasisi moja, nikawapanga wakuu wote kwenye safu moja, kutoka wa kwanza hadi wa wakati ule. Mzee mmoja mstaafu akaisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Kijana, huyu wa tatu alimrithi nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hakumrithi mtu. Ofisi yake ilianzishwa na sheria mpya, na ile ya aliyemtangulia ilikuwa imekufa pamoja na sheria ya zamani. Tangu siku hiyo sigusi majina kabla sijaweka sheria mezani.

Kwa hiyo kwanza zipange sheria. Chuo unachokiandikia kimepita katika sura tatu. Kilifunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Wakati huo kilikuwa chuo kishiriki kilicholelewa na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kule kilimani tunakokuita Mlimani hadi leo. Kisha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjwa, na kuanzia tarehe 1 Julai 1970 Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kamili kwa Sheria Namba 12 ya mwaka huo.

Ukiishika mipaka hiyo miwili, 1963 na 1970, ugomvi wako na rafiki yako unakwisha. Pratt, Mkanada, aliongoza chuo kishiriki tangu kilipoanza hadi 1965. Chagula, daktari wa binadamu na Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo, alimpokea 1965 akaenda nayo hadi 1970. Wote wawili cheo chao kilikuwa cha mkuu wa chuo kishiriki, ambaye siku hizi tungemwita Rasi. Msekwa ndiye Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, kuanzia 1970. Nyerere ndiye Mkuu wa Chuo wa kwanza, kuanzia 1970 vilevile. Hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja alikuwa anajibu kuhusu ofisi yake bila kuitaja.

Sasa hilo la makamu. Wewe unatoka shule ya sekondari, na pale Mkuu wa Shule ndiye anayebeba funguo na Makamu wake humshikia asipokuwepo. Hata kwenye chuo cha ualimu, Mkuu wa Chuo ndiye bosi wa pale pale. Chuo kikuu kimejengwa kwa ramani nyingine, tuliyoirithi kutoka Uingereza. Mkuu wa Chuo ni kichwa cha heshima: ndiye anayetunuku shahada kwenye mahafali, ndiye anayewakilisha hadhi ya taasisi, lakini hana dawati analokalia kila asubuhi. Anayekalia dawati ni Makamu. Yeye ndiye mtendaji mkuu, mwenyekiti wa Seneti, na ndiye anayewajibika mbele ya Baraza la Chuo. Kiswahili kilitafsiri cheo cha Kiingereza, Vice-Chancellor, jinsi kilivyo, nasi tukabaki na makamu ambaye hamshikii mtu nafasi. Ndugu zetu wa Kenya waliamua kulibeba neno la kigeni, wakasema chansela na naibu wa chansela, lakini hawakusalimika na utata huo huo.

Hapo kuna mtego ambao nimewaona watafiti wengi wakiuingia. Neno "Mkuu wa Chuo" ukilikuta katika maandishi ya miaka ya sitini, usikimbilie kuandika Nyerere. Soma aya nzima. Kama mkuu huyo anaajiri wahadhiri, anagawa vyumba vya mabweni au anajibizana na wanafunzi kuhusu chakula, basi karibu kwa hakika ni Pratt au Chagula. Na ukikuta Makamu Mkuu wa chuo kikuu ametajwa kati ya 1963 na 1970, ujue huyo hakuwa Dar es Salaam hata kidogo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa na Makamu Mkuu mmoja kwa vyuo vyote vitatu, na ofisi yake ilikuwa Kampala: kwanza Bernard de Bunsen, aliyekuwa ameongoza Makerere, kisha James Cook, mwanakemia Mwingereza, hadi chuo kilipovunjwa. Nimewahi kuona orodha inayomweka de Bunsen kati ya Pratt na Chagula. Mwandishi aliona cheo kikubwa, akakiweka juu ya mlima usio wake.

Nyerere ana jambo lake la peke yake. Tangu 1963 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu ni yule yule, ofisi ni mbili. Kwenye jedwali lako anza na 1970, na ile ya awali iandike kwenye maelezo chini. Usiziunganishe kuwa "1963 hadi 1985", ingawa inavutia.

Tena alikuwa na kofia ya Rais juu ya hiyo. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, alizungumza nao mwenyewe, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Ukisoma tukio hilo, jiulize aliyewafukuza ni nani: Rais wa nchi au Mkuu wa Chuo? Chagula, aliyekuwa anaendesha chuo siku hizo, hakuonekana sana katika picha. Kwangu mimi tukio hilo linaeleza mamlaka ya ofisi hizi kuliko vifungu vingi vya sheria. Cheo cha heshima kikikaa kwa mtu mwenye nchi, heshima hugeuka amri.

Mwaka 1970 ndio unaostahili ukurasa mzima katika kijitabu chenu. Vyuo vitatu vilijitegemea kwa pamoja, na kila kimoja kilikuwa na mkuu wake wa chuo kishiriki: Makerere Yusuf Lule, Nairobi Arthur Porter kutoka Sierra Leone, Dar es Salaam Chagula. Ungetegemea watatu hao wavuke daraja na kuwa makamu wakuu wa kwanza. Hakuvuka hata mmoja. Makerere alikuja Frank Kalimuzo, aliyekuwa katibu mkuu serikalini. Nairobi alikuja Josphat Karanja, aliyekuwa balozi wa Kenya mjini London. Dar es Salaam alikuja Msekwa, aliyekuwa Katibu wa Bunge na baadaye Katibu Mtendaji Mkuu wa TANU. Serikali tatu zenye siasa tofauti kabisa zilifanya jambo lile lile ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana nakataa wanaosema cheo kilibadilika jina tu. Rasi alikuwa mwanataaluma aliyewajibika kwa chuo kikuu kilicho mbali. Makamu wa 1970 alikuwa mtu wa serikali yake aliyepewa chuo kikuu cha taifa.

Mwaka mmoja tu baadaye mambo yakachemka. Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi yenye maneno makali kuhusu namna chuo kinavyoendeshwa, akafukuzwa, na chuo kikaingia katika mgogoro ambao waliosoma miaka hiyo bado wanauita kwa jina lake. Zingatia barua ilielekezwa kwa nani. Miaka mitano kabla wanafunzi walikwenda Ikulu. Sasa walijua mlango wa ofisi wanayoitaka uko pale pale kilimani.

Baada ya Msekwa, aliyeondoka 1977, alifuata Ibrahim Kaduma, ambaye alikuwa ametoka kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1980 Nicholas Kuhanga, aliyekuwa Waziri wa Elimu. Kwa hiyo kwa miaka 18 ofisi ya juu ya utendaji ilishikwa na watu waliotoka kwenye chama na serikali. Mwaka 1988 akaja Geoffrey Mmari, profesa, ambaye kabla ya hapo aliongoza Chuo Kikuu cha Sokoine, na hapo mkondo ukageuka. Tangu yeye, wote ni maprofesa: Matthew Luhanga, mhandisi, 1991 hadi 2006, Rwekaza Mukandala wa sayansi ya siasa, 2006 hadi 2017, kisha William Anangisye wa elimu, aliyeteuliwa 2017. Jedwali lako likiwa na safu ndogo inayosema "alitokea wapi", msomaji ataliona hilo bila wewe kuandika neno.

Ofisi ya Mkuu wa Chuo nayo ilikwenda kinyume chake. Ilianza mikononi mwa Rais, Nyerere kisha Ali Hassan Mwinyi, na mwanzoni mwa miaka ya tisini ikatolewa kwa mtu asiye Rais aliye madarakani. Balozi Paul Bomani aliishika hadi alipofariki 2005. Balozi Fulgence Kazaura alimfuata, naye akafariki 2014. Jakaya Kikwete aliteuliwa Januari 2016, akiwa ameshastaafu urais. Hapo kati ya 2014 na 2016 kuna pengo. Tafadhali liache wazi. Waandaaji wa majedwali wana tabia ya kuvuta tarehe za huyu zikutane na za yule, kama anayeziba ufa kwa karatasi, na mtafiti wa kesho anapotea kwa sababu hiyo.

Tarehe zenyewe zina vitimbi vyake. Kuna siku ya kuteuliwa, siku ya kuanza kazi, na siku ya kusimikwa. Chuo chenyewe ni mfano: kisheria kilianza tarehe 1 Julai 1970, sherehe za uzinduzi zikafanyika Agosti. Chagua aina moja ya tarehe, itaje juu ya jedwali, usiibadilishe njiani. Mimi hutumia ya kuanza kazi. Waliokaimu wape mstari wao wenye neno "kaimu", hata kama walikaa mwezi mmoja.

Kuhusu ngazi za chini nitakuwa mfupi, maana hukuuliza, ila utazikuta. Wasaidizi wawili wa Makamu kwa muda mrefu waliitwa Ofisa Mkuu wa Taaluma na Ofisa Mkuu wa Utawala, na wenyeji wa Mlimani waliwafahamu zaidi kwa vifupisho vya Kiingereza, CACO na CADO. Baadaye wakawa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, yaani naibu wa makamu wa mkuu, cheo ambacho mgeni akikisikia hudhani ni mtu wa tatu kumbe ni wa pili katika utendaji. Nacho cheo cha Rasi hakikufa. Kilirudi kikiwa chini ya Makamu: leo Rasi anaongoza ndaki, yaani kundi la idara za fani zinazokaribiana ndani ya chuo kikuu, au chuo kishiriki kama vile vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vilivyoanzishwa 2005. Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki cha Mlimani kuanzia 1991 hadi ilipojitegemea 2007, kwa hiyo wakuu wake wa miaka hiyo usiwachanganye na wa chuo mama. Amidi yeye husimamia kitivo au shule kuu.

Ukifika hapo, fanya majedwali matatu: wakuu wa chuo kishiriki 1961 hadi 1970, makamu wakuu kuanzia 1970, na wakuu wa chuo kuanzia 1970. Juu ya kila moja andika sheria au mpango uliokiunda cheo hicho, na kwa miaka ya karibuni taja Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 pamoja na Hati Idhini ya chuo ya 2007, kwa sababu ndizo zinazotumika badala ya ile ya 1970. Mstari wa kwanza wa jedwali la kwanza ni Pratt. Rafiki yako mpe jedwali la tatu, Nyerere wake yuko pale juu kabisa.