Apophis: hesabu ya 2004 haikuwa kosa

Mhariri, mmeuliza: “Mwaka 2004 wataalamu walisema Apophis huenda ikaigonga Dunia 2029, leo wanasema haitaigonga. Tuamini lipi?” Yote mawili, maana ni hesabu ile ile iliyoendelea kusafishwa.

Kwanza jina. Wengi hapa Arusha wanaiita kimondo, lakini kimondo ni kile kilichokwisha kuingia kwenye anga letu, kama lile jiwe la Mbozi. Apophis bado inalizunguka Jua. Ni asteroidi, yaani mwamba wa angani, yenye upana wa wastani wa mita 340.

Dunia hukimbia takriban kilomita 30 kwa sekunde, na kipenyo chake ni kilomita 12,742. Husogea upana wake mzima kwa dakika 7. Kwa hiyo kugongana ni suala la nani anafika njia panda saa ngapi. Apophis hulizunguka Jua kwa siku 324, yaani mizunguko kama 28 tangu ilipogunduliwa Juni 2004 hadi 2029. Ukikosea muda wa mzunguko mmoja kwa sekunde 15 tu, kosa linajirudia mara 28 na kufika dakika 7. Hapo Dunia nzima imeshapita, au ndiyo kwanza inafika.

Sasa ile asilimia ya hatari waliyoitangaza 2004. Chukua ungo, weka punje 99 za mchele na choroko moja. Kila punje ni njia ambayo asteroidi ingeweza kuifuata. Choroko ndiyo njia inayoigonga Dunia. Kila kipimo kipya kinatoa punje zisizowezekana. Zikibaki 37 kwa jumla, choroko bado ikiwa mojawapo, hatari imefika asilimia 2.7, ingawa hakuna kilichobadilika huko juu. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2004. Tarehe 27 ya mwezi huo zikapatikana picha za Machi mwaka ule ule ambazo tayari zilikuwa zimeinasa, na choroko ya 2029 ikatoka. Miaka mingine, kama 2036 na 2068, iliendelea kusumbua, kwa sababu joto la Jua huisukuma asteroidi polepole, njia ikihama karibu mita 200 kwa mwaka. Vipimo vya rada vya Machi 2021 vilimaliza hofu iliyobaki kwa angalau miaka 100.

Mwaka 2029 Apophis itapita kiasi cha kilomita 32,000 kutoka uso wa Dunia. Setilaiti ambazo madishi yetu ya televisheni yanazielekea ziko kilomita 35,786. Mvutano wa Dunia utaupinda mzunguko wake, kutoka siku 324 hadi karibu 423.

Na tutaiona kwa macho, ndilo jambo ninalotamani kila mtu alijue! Mwezi utakuwa mwandamo, giza zuri. Adui ni masika: Aprili mawingu hulalia Meru na Kilimanjaro. Usipande mlimani, shuka uende mbali nao. Wa Arusha watoke kuelekea Kisongo na Monduli, wa Moshi washuke kwenye tambarare za miwa kusini mwa mji. Tafuta mahali ambapo magharibi pako wazi, maana itakuwa ikishukia huko. Kaa gizani dakika 20 bila kuangalia simu. Tafuta nuru ya nyota ya kawaida, isiyowakawaka kama ndege zinazotua uwanja wa KIA, wala isiyokatiza anga kwa dakika chache kama setilaiti. Ilinganishe na nyota iliyo jirani: ikifika karibu kabisa itahama zaidi ya upana wa mwezi mpevu kila dakika.

Angalia sana tarehe. Matangazo ya kimataifa yataandika 13 Aprili saa 21:46, lakini hiyo ni saa ya Greenwich. Kwetu ni saa 6:46 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 14. Uwe nje kuanzia saa 5 usiku wa Ijumaa. Atakayetoka Jumamosi usiku atakuta imeshakwenda.