Oda iliyofutwa, kisha ikalipiwa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Unauliza: mchoro wa klasi, yaani wa aina za vitu vilivyomo kwenye programu yenu ya oda, umeukamilisha, sifa na methodi (vitendo vya kila klasi) zote zimo, mbona kiongozi wa timu yenu anasema bado haoni programu ikifanya kazi? Na sasa uchore mchoro wa mfuatano au wa hali?

Hajakuonea. Mchoro wa klasi unaonyesha nani yupo na nani anamjua nani. Kipi hutangulia kipi, hausemi. Klasi yako ya Oda ina lipa(), tuma() na futa(), na kwa ulivyoichora hakuna kinachomzuia mtu kuita tuma() kabla ya lipa().

Wengi wakifika hapo hukimbilia mchoro wa mfuatano. Si mbaya, lakini husimulia kisa kimoja: mteja kaagiza, kalipa, katumiwa mzigo. Chora miwili mitatu ujue ujumbe gani unatoka kwa nani, basi. Nimeona timu zikijaza michoro hiyo ukuta mzima, na kila kisa kinaisha salama!

Mchoro wa hali huchukua kitu kimoja na kufuata maisha yake yote. Usichoree kila klasi. Anwani haina maisha ya kusimulia. Oda inayo: Mpya, Inasubiri malipo, Imelipiwa, Imetumwa, Imefutwa. Kabla hujachora duara lolote, andika jedwali, hali upande wa kushoto, matukio juu. Hali tano kwa matukio manne, visanduku 20. Kila kisanduku kijibu: oda inahamia hali gani, au tukio linapuuzwa, au ni kosa.

Utajaza mbiombio mpaka ukutane na kisanduku cha Imefutwa na "malipo yamethibitishwa". Mteja kafuta oda benki ikiwa bado inashughulikia malipo. Sekunde chache baadaye uthibitisho unaingia. Pesa imeshakatwa. Oda ifanye nini? Ikipuuza, mteja kaliwa pesa yake. Ikirudi Imelipiwa, atapelekewa mzigo alioukataa. Huenda hapo ikazaliwa hali ya sita, Inarejesha malipo, lakini usiamue peke yako. Wapelekee wenye biashara swali hilo.

Halafu, msimbo ulionitumia una sehemu nne za ndiyo au siyo: imewasilishwa, imelipiwa, imetumwa, imefutwa. Nne hizo zinazaa michanganyiko 16, ilhali hali zako ni tano. Iliyobaki itakuja kukusumbua usiku. Weka sehemu moja inayotaja hali, na ibadilishwe na Oda yenyewe tu.

Hali zikiongezeka, mishale inayoonyesha kuhama kutoka hali moja hadi nyingine itapandana hadi usione kitu. David Harel, mwanasayansi wa kompyuta, alikumbana na hilo miaka ya 1980 akishughulikia mifumo ya ndege, na makala yake ya 1987 ikaeleza hali zinazokaa ndani ya hali. Kwako, zile tatu za mwanzo zinaingia ndani ya hali kubwa iitwayo Haijatumwa, na mshale mmoja wa futa() unatoka kwenye mpaka wake badala ya mitatu. UML, lugha sanifu ya kuchorea programu, ililirithi wazo hilo, kwa hiyo chombo chako cha kuchorea kinalijua.

Nitumie jedwali kwanza, mchoro baadaye. Nitaanza na visanduku ulivyoviacha vitupu.

Mama yako